Puto la Serengeti kwa Mara ya Kwanza: Mwongozo Kamili kwa Anayetokea Tabora au Kigoma

Watu wa huku kwetu wakisikia habari za puto la Serengeti, lile la hewa moto linalopandisha watu angani kutazama wanyama, huuliza mambo mawili: ni bei gani, na likianguka je? Yote mawili nitayajibu. Lakini linaloharibu safari za wengi ni la tatu, ambalo haliulizwi kabisa: umetenga siku ngapi? Puto huruka upepo ukikubali. Mtu aliyetoka Tabora au Kasulu kwa basi, akalipia asubuhi moja tu na kupanga kugeuza mchana uleule, ameikabidhi pesa yake yote kwa hali ya hewa. Kwa hiyo kabla hujafungua mkoba, andika siku mbili za alfajiri kwenye ratiba yako: moja ya kuruka, nyingine ya akiba. Mengine yanarekebishika ukiwa njiani. Siku hazirekebishiki.

Kwa nini tusirukie kwetu

Swali hili naulizwa sana na vijana wa Kigoma: mbona tuna Gombe na Mahale, na Tabora wana Mto Ugalla? Puto linataka hewa iliyotulia na uwanda mpana wa kutua. Gombe ni miteremko mikali inayoshuka hadi Ziwa Tanganyika. Mahale ni milima na msitu. Ukirukia pale, pa kutua ni juu ya miti au majini. Ugalla nako miombo imebanana, na rubani hawezi kuanza kutafuta uwazi akiwa amebeba watu kumi na sita. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763, na sehemu kubwa ya katikati na kusini ni nyasi na migunga ya hapa na pale. Tarangire na Ruaha nako kuna maputo, ila kwa anayetokea magharibi ya nchi, Seronera ya Serengeti ndiko kunakofikika bila kuzunguka nusu ya Tanzania.

Kwanza: mwezi

Seronera, katikati ya hifadhi, maputo huruka mwaka mzima. Kwingine hufuata nyumbu. Kuanzia Desemba hadi Machi makundi huwa kusini, upande wa Ndutu, ambako huzaliana; kufikia Juni huwa yamesogea magharibi kuelekea mto Grumeti; Julai hadi Oktoba yako kaskazini, mto Mara. Hizo ni desturi zao tu. Mvua ikichelewa nao huchelewa.

Ushauri wangu ni kwamba usiwafukuze nyumbu. Safari yako ya kwanza iwe Seronera, maana kule simba, chui, tembo na viboko hawahami, na kambi za bei nafuu ziko karibu. Juni inafaa sana kwa familia za huku: shule zimefungwa, mvua za masika zimekwisha, na barabara ya kutoka magharibi inapitika. Machi hadi Mei bei za malazi hushuka, lakini mvua ya alfajiri moja inatosha kufuta safari, na udongo mweusi wa mbuga ukilowa, dereva wa Tabora hahitaji kuelezwa unavyoshika magurudumu.

Pili: pesa

Tuseme ukweli, ni ghali. Mgeni kutoka nje hulipa zaidi ya dola 500 kwa kichwa, kwa takriban saa moja ya kuwa angani. Bei zinazoonekana kwenye tovuti huwa ni hizo za wageni. Kampuni nyingine zina bei ya raia au ya mkazi ambayo haitangazwi kwa sauti, kwa hiyo piga simu, zungumza Kiswahili chako, waambie unatokea wapi na mko wangapi. Miezi isiyo na wageni wengi ndiyo ya kubembelezana, kwa sababu kikapu kikiruka na nafasi tupu ni hasara yao.

Ukishatajiwa bei, usikubali papo hapo. Uliza kama kodi imo ndani. Uliza kama ada ya hifadhi kwa safari ya puto imo. Gari la kukuchukua kambini usiku na kifungua kinywa vimo au vinalipiwa kando? Halafu swali kubwa kuliko yote: rubani akighairi kwa sababu ya upepo, narudishiwa fedha yote, au nahamishiwa kesho? Na kesho ikiwa imejaa? Jibu la hilo lipate kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu.

Uliza pia kuhusu leseni, bila aibu. Puto kisheria ni chombo cha anga na rubani wake ni rubani kweli. Wote wako chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Chombo kilichosajiliwa hapa nchini hubeba alama zinazoanza na 5H, na utaziona zimeandikwa kwenye puto. Kampuni inayojiheshimu haikasiriki ukiuliza.

Kiingilio cha Serengeti ni hesabu nyingine. Mtanzania hulipa kwa shilingi, na ni kidogo mno ukilinganisha na anacholipa mgeni, ila lazima uthibitishe uraia. Beba kitambulisho cha NIDA chenyewe, kila mtu cha kwake. Malipo hufanyika kwa kumbukumbu namba au kadi, kwa hiyo hakikisha salio liko kwenye simu au benki kabla hujafika mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka.

Wapo wanaochangia safari hii kwenye kikoba kwa mwaka mzima. Ni njia nzuri, mradi mkubaliane mapema nini kitatokea kwa mchango wa anayejitoa wiki ya mwisho. Mara nyingi yuko mmoja.

Tatu: kilo zako

Watakuuliza uzito, na pengine watakupima. Usipunguze kwa haya. Hewa ya kawaida ina uzito wa kilo moja na ushee kwa kila mita ya ujazo. Ikipashwa moto hadi karibu nyuzi 100 hutanuka na kuwa nyepesi, na tofauti hiyo ndiyo inayokuinua. Ni tofauti ndogo: mita nzima ya ujazo ya hewa moto huinua karibu robo kilo, kama kifuko cha sukari ya robo cha dukani. Pale Seronera, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, hewa ni nyepesi zaidi na hata robo hiyo haitimii. Sasa piga hesabu. Watu 16 wa kilo 75 ni kilo 1,200, na hao peke yao wanahitaji karibu mita za ujazo 5,000 za hewa moto, kabla hujagusa kikapu, mitungi ya gesi, vichomeo na kitambaa chenyewe. Ndiyo maana puto likisimama ni refu kama ghorofa, na ndiyo maana wasimamizi huwapanga abiria vyumba vya kikapu kwa uzito, hata kama mume na mke wangependa kukaa pamoja. Usigombane nao kwa hilo.

Wajawazito hawapandishwi. Aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni, mwenye matatizo ya mgongo, magoti, mifupa au moyo, amwone daktari kwanza na aiambie kampuni ukweli. Hatari kwao haiko angani, iko kwenye kutua, kama nitakavyoeleza. Watoto wadogo pia wana umri na urefu wa chini unaowekwa na kila kampuni. Mtoto asiyefikia ukingo wa kikapu atakuwa amelipiwa kutazama ukuta. Bibi na babu wanaotembea vizuri na kupanda ngazi wenyewe huwa hawana shida yoyote.

Kuhusu woga wa kimo, nitasema jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka wapande. Kizunguzungu cha kuchungulia kutoka juu ya paa au minara ya simu, kwenye puto hakiji kwa namna ileile. Kikapu hakijaunganishwa na chochote chini, hakiyumbi, na ukingo wake hufika kifuani. Wanaoogopa mti wa mwembe nimewaona wametulia kabisa. Bado, kama kimo kinakutoa jasho na kukufunga pumzi, mwambie rubani mkiwa chini.

Nne: njia

Ukitokea Tabora mjini, lami ni ya kwenda Nzega, Tinde na Shinyanga. Wengi kwa mazoea huendelea hadi Mwanza, kisha huzunguka na Magu hadi Lamadi. Ipo njia inayokata kona: ukishapita Shinyanga, pale Mwigumbi, ingia kulia kwenda Maswa na Bariadi, utokee Lamadi moja kwa moja. Lami imefika. Mwanza inafaa tu kama gari la porini utakodi huko, kwani ndiko yaliko mengi.

Ukitokea Kigoma kwa barabara ni Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, halafu Geita hadi Busisi. Pale foleni ya kivuko imekuwa hadithi: Daraja la J.P. Magufuli, kilomita tatu juu ya maji hadi Kigongo, lilifunguliwa Juni 2025, na ukishavuka unaelekea Mwanza na Magu hadi Lamadi. Anayependa reli ashuke Tabora na kuunganisha kuelekea Shinyanga au Mwanza, ila aache nafasi kubwa kati ya treni na kila alichokilipia. Narudia: siku za akiba.

Karibu na Lamadi liko geti la Ndabaka. Hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, na gari la kawaida haliruhusiwi kutembea hifadhini usiku. Hapa ndipo watu hukwama. Abiria wa puto hukusanywa kuanzia saa kumi na nusu alfajiri. Kwa hiyo ukilala Lamadi ili uokoe fedha, hutawahi. Lazima usiku ule uulalie Seronera. Kutoka Ndabaka hadi huko ni zaidi ya kilomita 100 za vumbi na makorongo, na wanyama hawakuachi uende haraka. Ingia getini kabla ya saa sita mchana. Vaa nguo za rangi ya udongo au kaki: ndorobo wa ukanda ule hupenda bluu na nyeusi kama wale wa mapori yetu, nao hawaheshimu dirisha lililo wazi.

Kwa malazi, asiyetaka hoteli ana kambi za umma pale Seronera: Pimbi, Nyani, Tumbili, Dik Dik. Hazina uzio. Fisi hupita usiku kama jirani anayekata njia uani, kwa hiyo chakula kisikae hemani, na anayetaka kwenda msalani amulike kwanza pande zote na asiende peke yake. Iambie kampuni jina la kambi na namba ya gari lako, wakufuate hapohapo. Hakuna taa za barabarani za kumwelekeza dereva.

Tano: usiku wa kuamkia

Kula mapema na kiasi. Maharage na soda waachie siku nyingine. Maji kunywa vizuri mchana ule, yapunguze baada ya magharibi, kwa sababu kikapuni hakuna choo na utakaa zaidi ya saa moja bila njia ya kushuka. Kabla ya kulala panga nguo zako: suruali, hata kwa kina mama, kwani utaingia kikapuni ukiwa umelala chali na miguu imeinuka. Gauni na kanga zitakusumbua. Viatu viwe vya kufunika mguu wote, maana mtatua kwenye nyasi zenye umande na miiba. Vaa sweta na koti juu yake. Alfajiri ya Seronera ina baridi ambayo mtu wa Ujiji hataitarajia. Beba kofia, ya kuzuia joto la moto juu ya utosi wako, si jua. Upepo hautaipeperusha, kwa sababu utakwenda pamoja na upepo. Mtandio ubane ndani ya koti.

Kwa wanaoswali: alfajiri huingia mkiwa njiani au mmeshafika uwanjani. Tawadha kambini, beba mkeka mdogo, na mwambie msimamizi tangu jana yake. Dakika chache huwa zipo wakati puto linatandazwa.

Sita: alfajiri yenyewe

Gari litakuja kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na moja. Kampuni za puto zina kibali cha kutembea saa hizo, na huo mwendo wa gizani ni sehemu ya safari: macho yanang'aa pembeni ya barabara, ya swala, ya sungura-nyika, pengine ya simba anayerudi windoni.

Mkifika uwanjani, acha chai kidogo umtazame rubani. Atatoa kijiputo kimoja chenye taa ndogo, akiachie, halafu asimame na shingo imeinama nyuma. Kitaenda kushoto kwa muda, kikifika juu zaidi kitapinda kulia. Hapo anasoma ramani yake. Puto halina usukani. Kila tabaka la hewa lina mwelekeo wake, na rubani hupanda au kushuka kutafuta tabaka linaloelekea anakotaka. Kijiputo kikikimbia sana, atatikisa kichwa, na huenda mkasubiri au mkarudi kambini. Usimshawishi. Kutokea hapo jua likipanda, ardhi hupata joto, hewa huanza kuchemka na upepo huongezeka, kwa hiyo alfajiri ikishapita hakuna "tujaribu baadaye mchana".

Vijana watatandaza kitambaa, nailoni nyepesi, mdomo wake ukiwa wa kitambaa kingine kisichoshika moto. Feni kubwa ya petroli hupuliza hewa baridi ndani mpaka lijae likiwa limelala. Kikapu nacho kimelala ubavu. Ni cha henzirani zilizosukwa, na watu hudhani ni mapambo ya kizamani. Ukweli ni kwamba henzirani hupinda na kurudi, humeza kishindo ambacho chuma kingekipitisha kwenye magoti yako.

Kabla ya kupanda kuna maelezo ya usalama. Zima simu, sikiliza, fanya mazoezi ya mkao wa kutua kama unavyoelekezwa. Mzee mmoja mstaafu wa reli, mtu wa Kigoma, tuliyekuwa naye kundi moja, aliinua mkono: "Mwanangu, na breki iko wapi?" Rubani hakucheka. "Mzee wangu, breki ni nyasi." Mzee akatikisa kichwa, akasema kwenye treni wangemfukuza kazi. Lakini jibu lilikuwa sahihi, na ndilo maelezo mafupi zaidi ya kutua niliyowahi kusikia.

Kisha mtaingia. Unatambaa kwenye chumba chako cha kikapu, unalala chali, magoti juu, mikono kwenye kamba za ndani. Kina mama watasaidiwa: "Mama, taratibu, weka mguu hapa." Vichomeo vinawashwa. Ni gesi ya mitungi, jamaa ya hii tunayopikia, lakini hutolewa kwa nguvu na kuungua kwa mwali mrefu, na mngurumo wake ndio jambo la kwanza linaloshtua watu. Jiandae nao na uwaandae watoto. Puto linainuka, linakivuta kikapu, nawe unajikuta umesimama.

Saba: angani

Hutajua lini mmeondoka ardhini. Wengi hutazama chini na kukuta vijana waliokuwa wakishika kamba wamekuwa wadogo. Hakuna kutetemeka kwa ndege, masikio hayazibi, tumbo halipandi.

Kuna hali mbili zinazopokezana kwa saa nzima. Moto ukiwashwa, utosi unapata joto na hakuna anayemsikia mwenzake. Moto ukizimwa, ukimya unakuja mara moja, na ndani ya ukimya huo kila kitu cha chini kinasikika juu: kiboko akikoroma mtoni, kanga wakibishana, hata nyasi zikipasuka chini ya nyati. Hapo ndipo pa kunyamaza. Kila kikapu hakikosi anayetaka kupiga stori wakati huo, usiwe wewe.

Rubani hushuka chini sana, juu kidogo ya vilele vya migunga inayofuata mto Seronera, kisha hupanda mita mamia kuonesha upana wa nchi. Akishuka karibu na matawi ingiza mikono ndani. Huligeuza puto polepole kwa matundu ya ubavuni, kwa hiyo kila upande utapata zamu ya jua na ya wanyama. Hakuna haja ya kusukumana wala kuhama chumba. Wanyama hawafanani. Tembo mara nyingi huendelea na yake, twiga hutazama, ngiri hukimbia mkia juu kama aliyeitwa. Ukimwona simba, usitarajie puto lisimame. Halisimami. Ndiyo maana nasema anayetaka kukaa na simba nusu saa apande gari, na anayetaka kuona mto unavyojikunja, njia za nyumbu zilivyochorwa ardhini na kivuli chako mwenyewe kikipita juu ya swala, huyo apande puto.

Simu iwe na kamba ya mkononi au shingoni. Ikianguka imekwenda, na inaweza kumuumiza mnyama. Vijiti vya kujipigia picha havitakiwi. Piga picha dakika za mwanzo, halafu iweke mfukoni. Picha za watu wote hufanana. Nyuso zao wakati moto unazimika hazifanani.

Nane: kutua, na hapa usome mara mbili

Rubani atasema mapema kwamba mnakaribia. Hapo simu, miwani na kamera vinaingia mfukoni na zipu inafungwa. Unakaa chini kama mlivyofanya mazoezi: mgongo unaelekea upande mnakokwenda na umeegemea ukuta, magoti yamekunjwa, kichwa kimelazwa nyuma, mikono miwili imeshika kamba za ndani. Usishike ukingo kwa nje, vidole vyako ndivyo vitakavyogusa ardhi kwanza. Usisimame kuchungulia.

Hewa ikiwa tulivu, kikapu hugusa nyasi kama mtu anayeweka ndoo chini na yote yakaisha. Upepo ukiwepo, kitagusa, kitaruka, kitagusa tena, kitaburutwa mita kadhaa, na kinaweza kulala ubavu kabisa na nyote mkalala nacho. Hiyo si ajali. Ndivyo kinavyotua, na ndiyo sababu ya kikapu kuwa na vyumba vyenye kuta zilizofunikwa. Wakati huo rubani anavuta kamba inayofungua tundu kubwa kileleni, hewa moto inatoka, na nyasi zinafanya kazi ya breki.

Baada ya kusimama, vicheko huanza, na hapo ndipo kosa la hatari hutokea: mtu kuruka nje kwa furaha. Kumbuka hesabu ya robo kilo. Kilo zako 80 zikitoka ghafla wakati puto bado lina hewa moto, chombo kizima kinakuwa chepesi na kinaweza kuinuka tena kikiwa na mkeo na wanao ndani. Hakuna anayetoka mpaka rubani amtaje. Mtu mmoja mmoja, kwa zamu.

Tisa: baada ya kutua

Magari huwa yanawafuata kwa redio muda wote, kwa hiyo hamtakaa sana. Usiondoke mbali na kikapu hata kama nyasi zinaonekana tupu. Mtapewa glasi ya shampeni. Desturi hii ni ya Ufaransa, ambako ndugu wawili wa ukoo wa Montgolfier, waliobuni puto la hewa moto, walirusha kondoo, bata na jogoo kule Versailles tarehe 19 Septemba 1783, na Novemba 21 mwaka huohuo watu wawili, Pilâtre de Rozier na d'Arlandes, wakapaa juu ya Paris. Masimulizi husema warukaji wa zamani walibeba shampeni kuwatuliza wakulima waliotuliwa mashambani na kitu kinachotoa moshi. Asiyekunywa aombe juisi, tena aseme siku ya kulipia ili isiwe ya kutafutwa.

Kifungua kinywa huandaliwa chini ya mti, mezani, na vyeti hutolewa hapo. Bakshishi si lazima, lakini kama utatoa, wakumbuke vijana wa kukunja kitambaa. Rubani husifiwa na wote, wao hulifukuza puto kwenye makorongo na hawaonekani kwenye picha.

Puto lisiporuka, usikae kambini ukinuna. Thibitisha nafasi ya kesho kabla ya saa tatu asubuhi, kisha pita na gari kando ya mto Seronera wakati simba na chui bado hawajaingia kivulini. Isipowezekana kesho, dai fedha yako siku ileile ukiwa na ule ujumbe mkononi.

Kuhusu kuondoka: angalia saa iliyoandikwa kwenye kibali chako cha kuingia, kwa sababu ukiizidisha utalipia tena. Mkimaliza kifungua kinywa saa tatu hivi na kuanza safari saa nne, mnafika Ndabaka alasiri. Magari ya Bariadi na Shinyanga hupungua jioni, na kuendesha usiku barabara ya Maswa yenye ng'ombe na baiskeli sikushauri. Lala Lamadi, nyumba za wageni ziko barabarani, na sato wa ziwani wa jioni ni wa siku ileile.